Siku moja maishani mwangu: kupima kumbukumbu za watoto kwa kishikwambi

Saa 12 asubuhi. Hapa Kilifi jua linawahi, nami nawahi kabla yake. Vishikwambi vimelala kwenye chaji. Nafuta vioo, nazima sauti za arifa, napanda boda.

Saa 2. Gredi ya 2, shule ya msingi ya umma. Mwalimu amenipa kona ya nyuma, nami nimetundika leso iwe pazia. Wazazi walishatia sahihi fomu za ridhaa, ila mtoto naye huulizwa. Akikataa, anarudi kwa wenzake na hakuna wa kumsumbua.

Saa 3. Bado sijapima chochote, tunacheza tu. Mtoto wa kwanza anagusa kioo kwa ukucha, kioo kimya. "Hebu tumia huku kwenye nyama ya kidole, mamangu." Namfuta vumbi la chaki, anagusa tena, kisanduku kinawaka, anacheka. Kwao hakuna simu ya kugusa. Nikimpima kabla hajazoea, nitakuwa nimepima hali ya nyumbani kwao, na alama hiyo itamfuata bure. Akikwama kwenye Kiswahili, namweleza kwa Kigiriama.

Saa 4, uji. Mwenye njaa simpimi.

Saa 4 na nusu ndipo kazi yenyewe. Visanduku 9 vimetawanyika kiooni. Viwili vinawaka kimoja baada ya kingine, mtoto anavigusa kwa mfuatano uleule. Kisha vitatu, vinne, mpaka ashindwe. Chimbuko lake ni vipande vya mbao alivyovitumia mtafiti Philip Corsi huko Montreal, Kanada, 1972. Mpimaji aligonga kwa mkono, na mkono huchoka, mara haraka mara polepole. Kishikwambi kinampa kila mtoto mwendo mmoja.

Baadaye anavigusa kinyumenyume, kuanzia cha mwisho. Hapo ndipo ninapomtazama mtoto kuliko kioo. Kuna kijana macho yake yanatembea hewani, anapita njia ile upya kabla ya kunyanyua kidole. Kushika jambo akilini huku unaligeuza ndiko tunakokupima.

Saa 6. Darasa la jirani linaimba jedwali la kuzidisha kwa tatu, kwa sauti. Nasimamisha zoezi, naandika "kelele" kwenye sehemu ya maelezo. Mtoto huyu atarudia kesho.

Saa 8. Mwalimu ananiuliza kuhusu mwanafunzi mmoja: "Huyu ni mkaidi, au?" Alama za mtoto simpi, hatukukubaliana hivyo na wazazi. Namuuliza anavyompa maagizo. "Toa daftari, fungua ukurasa wa 12, andika tarehe, fanya swali la kwanza." Kwa mtoto wa miaka saba hayo ni mengi kwa pamoja, la tatu likiingia, la kwanza limeshadondoka, na watu wazima wanaita ukaidi. Namwomba atoe agizo moja, angoje litendeke, ndipo atoe lingine, na mengine ayaandike ubaoni.

"Nitaanza na hesabu ya kesho," anasema.

Saa 11. Mtandao umepatikana, data inapanda. Kesho naanza na yule wa kelele, tena mapema, kabla darasa la jirani halijafika kwenye jedwali.