Uvimbe kwapani mwa mwanangu baada ya chanjo ya bega

Niliugundua nikimwogesha. Ilikuwa Juni, ile baridi ya Dodoma yenye upepo wa vumbi, kwa hiyo nilikuwa nasubiri jua likolee ndipo naweka beseni uani. Kidole chenye sabuni kikapita kwapa la kulia, kikagonga kitu. Nikarudia. Kidonge kigumu kinachoteleza chini ya ngozi, ukubwa wa zabibu. Nikakibonyeza, mtoto akaendelea kupiga maji kwa miguu kana kwamba sijamgusa.

Alikuwa na wiki 12. Homa hana, ananyonya, analala.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mvumi. "Huo mtoki, mwanangu. Ana kidonda mahali." Tukamvua nguo zote, tukatafuta kidonda kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, hakipo. Jirani akasema ni jipu, nilikande kwa ugali wa moto (ugali niliukataa). Duka la dawa wakaniuzia amoksilini ya maji, nikampa siku 7 kamili. Aliharisha tu, uvimbe ukabaki palepale.

Hakuna kati yetu aliyeangalia bega. Mkono uleule wa kulia ndio aliochomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, kabla hatujaruhusiwa kutoka wodini. Wiki chache baadaye kilitoka kipele, kikatumbuka, kikaacha lile kovu ambalo wengi bado tunaliita ndui.

Wiki ya 14 nilipompeleka kliniki nikamwambia nesi. Hakuanza na kwapa. Alipandisha kwanza mkono wa nguo, akalitazama kovu, ndipo akashuka kwapani kwa vidole viwili. "Upande mmoja," akasema, akaandika rufaa. Chanjo za siku hiyo alimpa zote. Mimi nilidhani angezisimamisha.

Daktari alimpapasa shingo, kwapa la kushoto, kinena na tumbo. Akauliza kama nyumbani kuna anayekohoa, akalinganisha uzito na kadi, kisha akataka kuona majibu yangu ya VVU ya kliniki ya wajawazito. Hilo liliniudhi, mpaka aliponieleza. BCG ni bakteria hai waliopunguzwa makali, na mtoto mwenye kinga dhaifu wanaweza kumsambaa mwilini. Kwa mtoto mwenye kinga nzuri kama wangu, mara chache huishia kuvimbisha tezi za jirani na bega. Akaniambia pia kwamba asili ya bakteria hao ni kifua kikuu cha ng'ombe: Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, waliwakuza maabara miaka 13 hadi wakalegea, na mtoto wa kwanza akapewa chanjo mwaka 1921. Nilipomsimulia mama mkwe, Mgogo aliyekulia zizini, alicheka mpaka akashika ukuta: "Kumbe mjukuu wangu kachanjwa kwa ng'ombe!"

Tiba? Hakuna. Nisikande, nisikamue, nisimpe antibayotiki nyingine, asikichane mtu. Nirudi baada ya wiki 4. Kusema kweli nilitoka nimenuna. Nimekaa benchi tangu saa moja asubuhi, nimelipa bajaji kwenda na kurudi, naambiwa nikae nacho hivyohivyo! Kukaa nacho ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nakigusa kila ninaponyonyesha, kila siku nakiona kimekua. Mwishowe nikajiwekea utaratibu: Jumapili tu, nakilinganisha na ukucha wa gumba langu, naandika nyuma ya daftari la vikoba. Hapo ndipo nilipoona kwamba kwa wiki tano hakijabadilika hata kidogo.

Wiki ya Nanenane kikabadilika. Ngozi ikawa nyekundu, inang'aa, na ukigusa kinabonyea kama zabibu iliyoiva kupita kiasi. Jirani akaja na wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Nikamshukuru, nikambeba mtoto, nikaita bajaji.

Daktari akasema tezi imejaa usaha, na kuichana kunaweza kuacha kidonda cha kuchuruzika kwa miezi. Badala yake alichukua bomba la sindano, akaingilia pembeni penye ngozi nzima, akavuta taratibu. Ukaja usaha mzito, rangi ya siagi. Mtoto alilia zaidi kwa kushikiliwa kuliko kwa sindano. Akabandikwa plasta, basi. Nikauliza dawa za TB. Akasema kwa uvimbe wa namna hii haziharakishi kupona. Akajaza fomu ya taarifa ya maudhi ya chanjo, mimi nikitaja tarehe kutoka kwenye kadi.

Desemba alifikisha miezi 9, tukaenda kwa chanjo ya surua na rubela. Nesi yuleyule alipandisha tena mkono wa nguo. Kimebaki kama punje ya choroko, lazima ukitafute. Mama mkwe hahitaji kukitafuta. Kila akija akimwogesha mjukuu wake, huanzia kwapani.