Nilivyokwenda Nane Nane Tabora na mizani ya samaki

Mwishoni mwa Julai 2024 wavuvi wanne wa Kibirizi, Kigoma, wenye mtumbwi mmoja, walinikabidhi kwenye bahasha fedha zao za kununua betri na taa za kuvulia dagaa usiku, wakaniambia, "Fundi, safari hii utuletee kitu kitakachokesha."

Hayo maneno "safari hii" ndiyo yaliyonichoma. Mwaka uliotangulia mimi ndiye niliyewachagulia betri mbili za gari, za N70, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ichajiwe palepale injini inapozunguka. Ukiikamua usiku kucha, kila usiku, sahani zake za risasi huchakaa mapema. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa nne zilianza kuzima saa sita usiku, dagaa wameshakusanyika chini ya taa na wavu haujainuliwa. Taa ikizima, dagaa hawakusubiri. Mzee mwenye mtumbwi hakunifokea. Asubuhi moja alikuja kibandani kwangu Mwanga, hapa hapa Kigoma, akaiweka betri mezani akasema, "Baba, hii imekufa," akaondoka. Nisingependa kuyasikia tena maneno hayo.

Wakati huo Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na maonesho ya wakulima ya Nane Nane, Kanda ya Magharibi, yalikuwa yanaanza pale Ipuli, Tabora. Nikaona nafasi ndiyo hiyo.

Niseme wazi kwamba mimi napenda maonesho ya vifaa tangu zamani. Kila Januari nakesha na simu nikitazama CES ya Las Vegas. Sisi tuko mbele yao kwa saa 11, kwa hiyo wakifungua milango yao asubuhi, huku Kigoma ni usiku watu wanakwenda kulala. Mwaka huo huo wa 2024 LG walionesha televisheni ambayo ikizimwa unaona ukuta ulio nyuma yake kama kioo cha dirisha. Niliitazama mara tatu. Lakini kifaa kikiwa upande wa pili wa dunia huwezi kukinyanyua, na mimi nimekuja kuamini kwamba mkono wa fundi unajua mambo ambayo jicho halijui. Ipuli unanyanyua.

Usiku wa kuamkia safari nilifunga begi. Niliweka mita ya kubana waya, futi ya kamba, globu ya gari ya wati 55 niliyoiunganisha waya na vibanio, mizani ndogo ya masonara, na ile ya ndoano wanayopimia migebuka ufukweni. Hiyo ya ndoano niliazima kwa mama mmoja muuza samaki, naye aliniapisha niirudishe kabla ziwa halijafunguliwa.

Kwenye treni nilipiga hesabu nyuma ya tiketi. Taa nne za wati 15, saa kumi za usiku, jumla wati-saa 600. Betri ya risasi ya N100 ina volti 12 na Ah 100 (ampia-saa, yaani ampia mara saa), sawa na wati-saa 1,200, ila ukitaka idumu usiitumie kupita nusu. Hiyo nusu ni 600 kamili, hakuna akiba hata ya dakika moja, na uzito wake ni kilo 25 hadi 30 ndani ya mtumbwi. Ya lithiamu-chuma-fosfeti yenye Ah 100 na volti 12.8 inabeba wati-saa 1,280, unaweza kuitumia karibu yote, na uzito wake ni kilo 10 hadi 12. Basi nilikuwa nakwenda kutafuta lithiamu, na uzito wake nilishaujua kabla sijaiona.

Viwanja vilijaa. Asali, tumbaku, matrekta, pampu za umwagiliaji za sola, na katikati mabanda ya vifaa vya umeme yenye muziki. Siku ya kwanza sikununua kitu. Nilitembea tu nikinyanyua.

Pawabenki moja iliandikwa mAh 30,000, yaani Ah 30. Mizani ya masonara ilisoma gramu 190. Seli moja ya lithiamu ya umbo la betri ya tochi, ya kawaida kabisa, ina gramu 45 hivi, na hata iliyo bora kwa kawaida haizidi mAh 3,500. Ili ufike 30,000 unahitaji seli tisa, yaani zaidi ya gramu 400 kabla ya ganda. Nikairudisha mezani taratibu. Banda la pili paneli ya sola iliandikwa wati 150. Nikatoa futi: sentimita 67 kwa 60, sawa na mita za mraba 0.4. Jua kali la mchana linamwaga wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri ya kawaida hunasa kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo ile haiwezi kupita sana wati 80, andika utakavyo. Kijana aliyekuwa anauza aliiazima futi yangu akapima mwenyewe paneli zake zote. Nilifurahi sana kumwona.

Siku ya pili ndiyo niliyoiendea. Nilifika kwenye banda moja mapema, nikamwamkia mwenye banda "Mwangaluka" kama wanavyoamkiana wenyeji, naye akaniletea betri ya lithiamu ya Ah 100 kwa bei ambayo ingebakiza hela ya kutosha kwenye bahasha. Ganda zuri, mpini, kioo kidogo cha namba. Nikaitundika kwenye ndoano ya mizani ya samaki. Kilo tatu na nusu.

"Kaka, hii ni nyepesi mno."

"Ndiyo teknolojia mpya hiyo, fundi."

Nikamwomba aniruhusu niwashe globu yangu. Betri ilikuwa imechajiwa usiku, kioo chake kilisema asilimia 100. Akaniuliza, "Unataka kununua au unataka kuniharibia biashara?" Nikamjibu kwamba nataka kununua, lakini fedha si yangu, ni ya watu wanaokesha majini. Alinitazama kidogo, akasogeza viti tukaiweka pembeni. Saa tatu kamili asubuhi nikabana vibanio. Mita ilisoma ampia 4.4. Kwa mkondo huo betri ya Ah 100 inapaswa kuwaka zaidi ya saa 22.

Nilikwenda kwenye taa. Hapo sitakaa sana, ila nieleze jambo moja: taa ya ledi iliyoandikwa wati 50 ilivuta ampia moja tu, yaani wati 13, na iliyoandikwa 15 ilivuta 1.2, yaani 15 kweli. Nilichukua hizo za pili. Ziliandikwa IP67, maana yake vumbi haliingii na hata ikizama mita moja kwa dakika 30 maji hayapenyi. Nililipia kwanza, kisha nikaomba ndoo kwa mama lishe, nikaizamisha moja ikiwa inawaka. Watoto walizunguka ile ndoo ya mwanga mpaka muda ukaisha. Nilipoitoa nikaifuta, nikaitikisa sikioni. Kimya, hakuna tone.

Saa nane na dakika arobaini mchana nilikuwa nimerudi kwa yule mwenye banda, nikiwa natazama globu. Haikufifia hata kidogo. Ilizima ghafla, kama mtu aliyebonyeza swichi. Ndivyo saketi ya ulinzi ya lithiamu inavyofanya chaji ikikatika. Muda wa saa tano na dakika arobaini mara ampia 4.4: Ah 25 hivi.

Mwenye banda hakusema neno. Alishika ile betri akaipima uzito mkononi, mara ya kwanza nadhani tangu ainunue, akaitoa mezani pamoja na nyingine nne za aina hiyo, akazipeleka nyuma ya pazia. Naye alinunua kwa jumla, akaamini kibandiko. Kabla sijaondoka alinionesha kwa kidole banda la ng'ambo ya njia, akasema, "Yule ana nzito."

Ya ng'ambo ilikuwa kilo 11. Bei yake ilikaribia kumaliza bahasha. Mwenyewe alikubali globu ilale inawaka, mlinzi wa banda akiiangalia, akitaka tu nimnunulie mlinzi chai. Tuliiwasha saa tatu asubuhi ya siku ya tatu. Kesho yake nilifika viwanjani kabla ya saa moja, umande bado uko kwenye majani, na kwa mbali nikaona ule mwanga wa njano ndani ya banda. Nilisimama pale nje na moyo unanidunda. Ilizima saa moja na robo. Ah 98 hivi. Nikalipa palepale, nikaongeza paneli ya wati 200 yenye karibu mita moja ya mraba, nikakimbilia stesheni.

Ziwa lilifunguliwa Agosti 15, lakini mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, na kwenye mbalamwezi taa haivuti dagaa. Ilibidi kungoja giza mpaka mwisho wa mwezi. Usiku wa kwanza sikulala. Alfajiri saa kumi na moja niliteremka Kibirizi, nikaziona taa zetu nne bado zinawaka majini, nyeupe, zimekaribiana.

Mzee alipofika ufukweni alinyanyua betri kwa mkono mmoja, akanipa. "Ipime," akasema. Kihesabio nilichokuwa nimekifunga kwenye waya kilisoma Ah 51 zilizobaki. Akaitazama namba, akaita mwanawe aje kuiona, kisha akaniuliza kama mizani ya yule mama nimekwisha kuirudisha, maana kulikuwa na dagaa wa kupima.