Karatasi ya Damu ya Jimi

Msimu wa korosho wa 2019, mzee mmoja wa Mikindani aliniletea majibu ya damu ya mbwa wake, Jimi, mlinzi wa ghala, umri miaka 11, uzito kilo 20. Damu ilikuwa imepimwa kwa mashine ya binadamu, na karibu kila mstari ulikuwa na alama ya kupanda au kushuka. Alikwishaambiwa figo zimekufa. "Daktari, kama ni sindano ya kumpumzisha, mchome leo, nami nikiwepo."

"Tusifike huko, mzee wangu. Kwanza tujue lipi la kweli humu."

Ukubwa wa chembe nyekundu uliandikwa 66, umeshuka. Kwa binadamu ndiyo, maana wao huanzia 80. Kwa mbwa, 60 hadi 77 ni kawaida. Mstari huo niliukata. Sukari ilisoma 2.9, lakini chupa ilikaa tangu asubuhi kabla ya majimaji kutenganishwa, na chembe zikiachwa ndani ya chupa huendelea kuila sukari. Tone jipya lilisoma 5.1.

Kilichonikaza macho ni pleteleti, zile chembe zinazogandisha damu: 34,000, wakati mbwa mzima huwa na 200,000 na zaidi. Hata hapo mashine huweza kudanganya, kwa sababu zikishikana mafungu haizihesabu. Nikatoa damu upya kwenye mshipa wa mguu wa mbele, si wa shingo, nikabana pamba dakika 5, maana penye pleteleti chache tundu la sindano huvuja muda mrefu. Chupa ya kizibo cha zambarau huinamishwa taratibu mara 8 hivi, haitikiswi, na damu hupakwa kwenye kioo papo hapo. Kwenye hadubini nilianza na ncha ya mpako, ndiko mafungu yanakokimbilia. Hayakuwepo. Kisha nikahesabu sehemu 10 kwa lenzi ya mafuta: wastani ulikuwa pleteleti 2 kila sehemu, na kila moja husimama badala ya kama 15,000. Basi mashine ilisema kweli.

Protini yote ya damu ilikuwa gramu 98 kwa lita, na aina iitwayo albumini 21 tu. Zilizobaki, 77, ni globulini, zile ambazo mwili huzizidisha unapopigana na ugonjwa, nyingi mno. Ukijumlisha na ufizi mweupe, wengu uliovimba na kupe waliojaa masikioni na katikati ya vidole, hiyo ni picha ya erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Kijidudu chenyewe sikukiona kiooni. Ugonjwa ukishakuwa sugu ni nadra kukiona, kwa hiyo kioo kitupu hakimwondolei mbwa shaka.

Zikabaki figo. Kretinini 230, urea 19, zote mbili taka ambazo figo huzitoa kwenye damu. Namba hizo peke yake hazisemi kama figo zimeumia au mbwa amekaukiwa maji. Mkojo ndio unaosema, na lazima upatikane kabla ya kumtundikia dripu. Tuliukinga kwa kikombe, kwani kuchoma kibofu kungeweza kumvujisha damu ndani. Uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000, ulikuwa 1.014. Mbwa aliyekaukiwa maji lakini mwenye figo nzima hupita 1.030. Protini mkojoni ilikuwa alama tatu, yaani nyingi. Figo zilikuwa zimeumia kweli, ila kretinini ya 230 ni hatua ya pili kati ya nne za ugonjwa wa figo. Ya nne huanza juu ya 440. Tena erlikia yenyewe hutoboa vichujio vya figo, na sehemu ya madhara hayo huweza kurudi nyuma. Kumchoma siku ile kungekuwa kumuua mgonjwa anayetibika.

Alianza doksisaiklini, dawa ya kuua vijidudu, miligramu 100 asubuhi na 100 jioni kwa siku 28, ndani ya tonge la ugali na maji juu yake, kwa kuwa kidonge kikikwama kooni huchoma kidonda. Dawa hii haielemei figo. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo mzee alikuwa akimpa kwa ajili ya miguu, ilisimama siku hiyohiyo: huua figo, hutoboa tumbo.

Kupe mwilini walitolewa kwa kibano. Dawa ya kuogeshea tulipulizia kwenye nyufa za ukuta wa mawe, tukarudia baadaye, kwa kuwa nyumba hizi za kale za Mikindani zina mianya, na kupe jike mmoja hutaga maelfu ya mayai humo.

Baada ya wiki moja pleteleti zilifika 120,000. Dozi ilipokwisha kretinini ilishuka hadi 168, ikabaki papo. Kuanzia hapo Jimi alikula wali na yai, nyama kidogo, maji muda wote; ng'onda hapana kwa ajili ya chumvi, mifupa hapana kwa ajili ya fosforasi. Mzee aliyakubali yote, ila vichwa vya samaki vilitugharimu mazungumzo marefu.