Sauti ya Sikioni: Albamu ya Kwanza ya Billie Eilish

Usiisikilize When We All Fall Asleep, Where Do We Go? kwa spika ya simu. Besi yake iko chini mno, spika ndogo haiifikii, na wimbo kama "Bad Guy" utabaki vidole vinavyoalika na mtu anayenong'ona. Vaa hedifoni zinazoziba masikio barabara.

Albamu ilitoka tarehe 29 Machi 2019, Billie, mwimbaji wa Marekani, akiwa na miaka 17. Prodyuza ni kaka yake, Finneas O'Connell, na sehemu kubwa waliifanyia chumbani kwa Finneas, nyumbani kwa wazazi wao Los Angeles: kompyuta yenye Logic Pro (programu ya kurekodi muziki), spika za Yamaha HS5, maiki, na kitanda ambacho Billie alikalia akiimba.

Billie humtaja sana rapa Tyler, the Creator, na ni kweli rap imo: besi nzito, ngoma chache, ukimya ulioachwa makusudi. Lakini kwangu ushawishi mkubwa zaidi ni wa zamani, wa waimbaji wa jazi waliogundua kwamba mbele ya maiki hakuna haja ya kupaza sauti. Sikiliza "Xanny". Beti ni jazi ya polepole kabisa. Kikifika kiitikio, besi inaivamia sauti na kuitikisa hadi inakwaruza. Spika yako haijaharibika. Wimbo unahusu kukaa katikati ya watu waliolewa, na mtikisiko ule ni kama moshi wa sigara unaopulizwa usoni.

Wengi wanaojaribu kuiga uimbaji huu wa kunong'ona karibu na maiki hukwama palepale. Maiki inayochukua sauti ya mbele, ukiisogelea sana, huongeza uzito wa chini: sauti inanona, halafu inagombana na besi. Punguza kwenye sauti masafa yote yaliyo chini ya takriban hezi 80 hadi 100. Herufi p na b zitapiga maiki kwa pumzi, kwa hiyo weka kichujio cha pumzi mbele ya maiki na ugeuze mdomo kidogo pembeni. Tena, anayeimba kwa kunong'ona hulazimisha maiki ifunguliwe zaidi, na hapo feni na friji navyo vinarekodiwa. Zima.

Katika "When the Party's Over" sauti yake imepangwa tabaka juu ya tabaka. Kuimba mstari uleule mara nyingi si kazi. Kazi ni herufi s, kwa sababu zisipoangukia pamoja zinasikika kama mchanga unaomwagwa. Ziache kali kwenye sauti kuu tu, kwingine zipunguze.

Vionjo vingine vimeokotwa maishani. Katika "Bury a Friend" kuna mashine ya daktari wa meno. Ndani ya "Bad Guy" kuna mlio wa taa za wavuka barabara wa Australia, ambao Billie aliurekodi kwa simu.

Na usizipige nyimbo kwa kuvuruga mpangilio wake. Majina ya tatu za mwisho yanasomeka kama sentensi moja: sikiliza kabla sijaondoka, nakupenda, kwaheri. Ndani ya huo wa mwisho, "Goodbye", vipande vya maneno ya nyimbo zilizotangulia vinarudi kimoja kimoja.