Kofia ya saiti si ya foromani peke yake

Jamani niseme hili maana limenikaa moyoni. Juzi saiti moja huku Ntinda, Kampala, tofali liliteleza toka ghorofa ya tatu likampata poota, yaani kibarua wa saiti, kichwani, kijana mdogo tu, hana kofia. Akaanguka, akainuka, akasema niko sawa, akapewa maji akakaa kivulini, watu wakarudi kazini. Jioni akaanza kutapika na kuongea ovyo, kumpakia kwenye boda mpaka hospitali alikuwa ameshakata roho.

Sasa sikieni, huko kuonekana mzima ndiko kunakotumaliza. Mtu akigongwa kichwa damu inaweza kuvuja pole pole ndani ya fuvu, inakandamiza ubongo, anaongea vizuri kabisa halafu masaa machache baadaye anazima. Kwa hiyo kichwa kikiuma na kuzidi, akitapika, akisinzia, usingoje asubuhi wala usimpe panadol ukamwambia alale, mpeleke haraka.

Na kofia ivaliwe vizuri bana. Ile mikanda ya ndani ndiyo inapunguza kishindo, ukiitoa au ukijaza vitu mle ndani umebaki na ganda tu, na ikishagongwa kwa nguvu itupwe hata kama haijapasuka. Halafu mbao za pembeni kwenye jukwaa la kujengea zinazuia tofali kudondoka, zinagharimu kiasi gani kweli? Sheria ya usalama kazini Uganda ipo toka 2006, mwajiri anatakiwa akupe vifaa vya kujikinga bila kukukata hela. Ulizeni saiti zenu kesho.