Jani Moja, Sehemu Tatu

Wapendwa katika Kristo, amani iwe kwenu.

Kila tarehe 17 Machi Ayalandi humkumbuka Mtakatifu Patrick, aliyewahubiria Waayalandi Injili, na mara nyingi huchorwa akiwa na shamroki mkononi, mmea mdogo ambao jani lake lina sehemu tatu. Jina la mmea huo limetokana na neno la Kiayalandi seamróg, ambalo ni umbo la udogo la neno seamair, yaani klova, aina ya mmea. Kama sisi tunavyopata kijito kutoka mto, wao walipata klova ndogo. Jamii yake kitaalamu ni Trifolium, Kilatini cha "majani matatu".

Hapo Kilatini kimehesabu sehemu, hakikuhesabu majani. Jani la shamroki ni moja, lililogawanyika mara tatu. Tazama chipukizi linapotokea, kwani huota kwenye kitako cha jani zima: ni pale kikonyo kinapoungana na shina, wala si chini ya kila sehemu.

Inasimuliwa kwamba Patrick alilichuma jani hilo akawaeleza Waayalandi Utatu Mtakatifu. Yeye aliishi karne ya 5. Simulizi hilo tunalikuta kwa mtaalamu wa mimea Caleb Threlkeld, mwaka 1726. Katika Ungamo, maandishi ya Patrick mwenyewe kuhusu maisha na imani yake, jani halimo. Nalipenda simulizi hili hata hivyo, ila lina mpaka wake, na tusiuvuke tunapowafundisha watoto wetu. Sehemu moja ya jani ni theluthi tu ya jani. Baba si theluthi ya Mungu, wala Mwana, wala Roho. Kila mmoja ni Mungu kamili, na Mungu ni mmoja. Bwana alituagiza tubatize "kwa jina" la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu (Mathayo 28:19). Jina, si majina.

Sasa soma Ungamo lenyewe. Patrick alitekwa kwao Britania akiwa na umri wa miaka kama 16, akapelekwa utumwani Ayalandi kuchunga mifugo kwa miaka sita. Huko akaanza kuomba, hadi maombi mia moja kwa siku na karibu idadi hiyo hiyo usiku, katika theluji, baridi kali na mvua. Anasimulia pia kwamba wakati fulani alimwona mmoja akiomba ndani yake kwa kuugua sana. Akastaajabu, ni nani huyu aombaye ndani yangu? Maombi yalipokwisha, huyo akasema kwamba ndiye Roho. Ndipo Patrick akakumbuka maneno ya Mtume: "Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa" (Warumi 8:26).

Ndugu uliyechoka kuomba wiki hii, au unayekosa maneno kabisa, anza hapo. Humkaribii Baba peke yako, bali kwa Kristo: "Kwa maana kwa yeye sisi sote tumepata njia ya kumkaribia Baba katika Roho mmoja" (Waefeso 2:18).