Waya wa kengele hauwezi kujiviringisha

Kipindi hicho nilikuwa mhudumu kwenye makao ya wazee, asubuhi naingia zamu nikapitia kwanza kwa bibi mmoja aliyepigwa kiharusi upande wa kulia. Nikagonga nikasubiri aitikie, chumba ni chake hata kama funguo tunazo sisi. Nikamkuta kalowa mpaka mgongoni, shuka pembeni limeshakauka na kuacha duara la njano, yani hiyo sio ya saa hizo, na kengele yake ya kutuitia wahudumu, ambayo huwa tunaibana na pini kwenye mto upande wa kushoto, waya umeviringishwa vizuri ukatundikwa nyuma ya kitanda. Haikudondoka ile. Waya ukidondoka haujiviringishi.

Namuuliza imekuwaje akaniambia, "Mwanangu usiseme, watanikasirikia."

Hiyo iliniuma kuliko shuka. Mtu kalea watoto, kazika mume, leo anaogopa kusema kalazwa kwenye mkojo! Nikamwambia bibi hili siwezi kulinyamazia ila sitakuacha nalo peke yako.

Kumsafisha naona ngozi ya makalio imekuwa nyekundu, nabonyeza na kidole wekundu hauondoki, anayeijua kazi hii anajua hapo kidonda kimeshaanza. Nikaandika kwenye kitabu cha ripoti kama nilivyokuta, kengele ilikuwa wapi, ngozi ikoje, saa ngapi.

Msimamizi akaniita, tena kwa upole tu, dada usiku wako wawili na wazee ni wengi, huyu bibi anabonyeza kila saa, andika kengele ilidondoka yaishe. Kweli wa usiku walikuwa wanaelemewa, hilo nililisema na bado nalisema, lakini wafanyakazi wakiwa wachache hilo ni deni la uongozi, halilipwi na mzee kwa kulala amelowa. Nikakataa kubadilisha hata neno moja. Nikamuuliza kuna mtu amewahi kumuuliza bibi anabonyeza kwa nini? Hakuna. Kumbe dawa yake ya presha, ile inayokojoza, alikuwa anapewa jioni, sasa usiku atalalaje huyo?

Kikaitishwa kikao, wakataka wamjadili bila yeye kuwepo. Mimi kwenye notibuku ya mafunzo nilikuwa nimenakili zile kanuni 18 za Umoja wa Mataifa kuhusu wazee za mwaka 1991, ya 14 inasema mzee akiwa kwenye makao haki zake zinabaki palepale, utu wake, faragha yake, na kuamua kuhusu matunzo yake mwenyewe. Nikawasomea. Akaletwa na kiti chake cha magurudumu, sauti nzito kwa ajili ya kiharusi ila kila mtu alimsikia, "Sitaki mtu afukuzwe. Nataka kengele yangu, na nikiita nijibiwe."

Daktari akahamishia dawa asubuhi. Aliyetundika waya akapewa onyo la maandishi, familia nazo zikabana mpaka usiku ukaongezwa mtu. Na tangu hapo kubadilishana zamu anayetoka na anayeingia wanapita pamoja kila chumba, wanahakikisha kengele iko kwenye mkono unaofanya kazi ndo wanasaini. Wapo walioninunia muda mrefu kwa ajili ya hiyo saini.